Barua kwa mwanangu: Shepadi au Rijibaki

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu na anauliza wajukuu zake wataletwa lini. Nimeziona zile picha mbili za watoto wa mbwa ulizonitumia, mmoja wa mbegu ya Jemani Shepadi na mwingine wa Rijibaki (Rhodesian Ridgeback). Wote wazuri, sina ubishi. Unasema baba watoto anamtaka Shepadi kwa kuwa ndiye mbwa wa polisi, wewe umempenda Rijibaki, na mmekubaliana niamue mimi kwa kuwa nilikuwa bwana mifugo. Nitaamua, ila nataka uelewe sababu zangu. Mbwa wa namna hii akiingia nyumbani ni miaka kumi au zaidi, na utakayebaki naye pale Pongwe mwenzio akiwa njiani na lori ni wewe.

Nianze na lile ambalo shangazi yako amelipigia kelele, la Muislamu kufuga mbwa. Usimkasirikie, ana haki ya kuuliza. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi inaruhusu ulinzi wa nyumba kwa kulinganisha na hayo. Haja yako ni ya kweli: nyumba iko pembezoni na mume ni msafiri. Lakini mbwa haingii sebuleni, na chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwetu hata unyoya wake ni najisi, na hili la manyoya watu wa pwani hawalifikirii kabisa wanapokwenda kununua.

Shepadi ana manyoya ya tabaka mbili. Juu ni marefu na magumu, chini ni laini na yamebanana kama sufi. Yanapukutika mwaka mzima, na kuna vipindi yanatoka mafungumafungu. Umwekee banda lake nyuma ya nyumba, utayakuta kwenye kamba ya nguo, kwenye kanga, na kwenye mswala ulioanikwa. Nimewahi kumchana Shepadi wa mtu kule Raskazone nikajaza mfuko, na kesho yake ikawa kama sijafanya kitu. Akikuambia mtu umnyoe, usikubali, manyoya ya juu ndiyo yanayomkinga na jua. Rijibaki ana manyoya mafupi yaliyolala kwenye ngozi. Naye hupukutisha, lakini kidogo, na kitambaa chenye maji kinatosha kumsafisha.

Tena kuna joto. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Hewa ikiwa kavu, kuhema kunamsaidia. Hapa kwetu kuanzia Desemba hadi Machi joto linapita nyuzi 30 na hewa imejaa maji ya bahari, kwa hiyo anahema na hapoi vizuri. Shepadi alitengenezwa Ujerumani. Kapteni mmoja wa jeshi aliyeitwa Max von Stephanitz alimnunua mbwa wa kondoo mwaka 1899, akampa jina Horand, na huyo ndiye wa kwanza kuandikwa katika daftari la mbegu hiyo. Kazi yake ilikuwa kulizunguka kundi la kondoo kutwa nzima kwenye baridi. Kwa hiyo ukimwona Shepadi anawazunguka watoto uani na kuwadonoa visigino, hajawa mkali, anachunga. Ila mtoto wako wa miaka mitatu hatalielewa hilo, atalia na kukimbia, na akikimbia ndiyo atafukuzwa zaidi.

Rijibaki ametoka kusini mwa bara letu. Wakhoikhoi, wenyeji wa huko, walikuwa na mbwa wenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, Wazungu walowezi wakawachanganya na mbwa wao, na mwaka 1922 wafugaji wakakutana Bulawayo kuandika sifa za mbegu hiyo. Walikuwa wakiwindia simba. Mbwa hawakumuua simba, hakuna mbwa wa kufanya hivyo. Walimzunguka, wakambwekea, wakamkwepa, mpaka mwenye bunduki afike. Rijibaki aliyelelewa vizuri habweki ovyo usiku. Akibweka, inuka ukaangalie.

Sasa usidhani nimekwisha kukubaliana nawe. Rijibaki ana kichwa chake. Shepadi ukimfundisha kukaa, kusubiri na kurudi akiitwa, anashika upesi na anafurahia kukutii. Rijibaki atakutazama kwanza aone kama lina maana kwake. Ukimpigia makelele au fimbo anakununia, na umempoteza siku hiyo. Anataka mafunzo mafupi, kipande cha nyama mkononi, kila siku, kuanzia siku anapofika. Baya zaidi ni kwamba kinachokimbia mbele yake hukifukuza. Jirani yako wa upande wa barabara ana mbuzi na kuku. Dume la Rijibaki lina kilo 36 hivi na likishaondoka, sauti yako halisikii tena. Mbuzi mmoja akifa, umegombana na mtu ambaye ndiye wa kwanza kukukimbilia siku ukipatwa na jambo.

Kwa hiyo ukuta. Ulinionyesha upande wa nyuma bado ni michongoma. Michongoma haimzuii yeyote kati ya hawa wawili. Mmalize ukuta kwanza, usipungue kimo cha mtu mrefu, na geti liwe la kujifunga. Fedha mlizotenga za kununulia mbwa ziende kwenye matofali ikibidi, mbwa atasubiri. Na asije mtu akakushauri kumfunga mnyororo kutwa. Mbwa mwenye nguvu hizi akifungwa kutwa anakuwa mwehu wa hasira, na siku mnyororo ukikatika atamuuma wa kwanza kupita, pengine mtoto anayetoka madrasa.

Huyu anahitaji kukimbia. Saa nzima alfajiri baada ya sala kabla jua halijapanda, na nyingine jioni, awe Shepadi au Rijibaki. Nani atamkimbiza? Hilo hukuniandikia, na ndilo ningependa kulisikia kuliko yote. Kijana wa shamba mnayemlipa akae na mbwa tangu akiwa mdogo, wajuane, lakini chakula umpe wewe kwa mkono wako. Mbwa humtii anayemlisha na kumfundisha.

Uamuzi wangu ni Rijibaki, tena jike. Jike ni jepesi kidogo, kilo 32 hivi, na kwa niliyoyaona ni tulivu zaidi na watoto. Mwambie baba watoto nimelipima suala la polisi. Polisi wana askari wa kushinda na yule mbwa kazini kila siku, nyie hamna.

Ukienda kwa muuzaji, usinunue kwa picha. Mwone mama yao, na baba yao kama yupo. Watoto wawe wamefikisha wiki nane. Kisha fanya hivi: mshike mtoto, ivute ngozi ya shingo juu kwa vidole viwili, uisugue taratibu, ushuke nayo katikati ya mgongo mpaka kwenye mkia. Ukihisi kitu kama uzi mgumu umeshuka kutoka kwenye ngozi kwenda ndani, huyo muache. Ni tundu la kuzaliwa nalo, linaingiza uchafu na kutunga usaha karibu na uti wa mgongo, na dawa yake ni upasuaji. Kasoro hiyo imefungamana na ule mstari wenyewe, wanasayansi walishaonyesha hivyo mwaka 2007. Katika uzao mmoja huweza kutokea watoto wasio na mstari. Wapenda maonyesho ya mbwa huwakataa, na wauzaji huwashusha bei. Wewe mchukue huyo. Mwizi hasomi mgongo wa mbwa gizani, na hatari ya lile tundu kwake ni ndogo zaidi.

Watakuambia mbwa wa Afrika haugui kupe. Si kweli. Homa ya kupe inamshika sawasawa na yule wa Ulaya. Mkague kila jioni masikioni, kwapani na katikati ya vidole, na dawa ya kupe isikose. Baba watoto akitaka kwenda naye shamba Pangani au kule upande wa Saadani, kuna mbung'o. Mbwa wa mbegu za nje wakiumwa nao hudhoofika, homa inapanda, na jicho linaingia ukungu wa rangi ya maziwa yenye ubuluu. Ukiliona jicho hilo usinunue dawa ya macho dukani, apimwe damu siku hiyo hiyo.

Chanjo ya kichaa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya ugonjwa huu, sikiliza matangazo, mara nyingi chanjo huwa bure karibu na siku hiyo. Na mbwa yeyote akimuuma mtoto, hata wenu mwenyewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali. Usipake chochote njiani.

Chakula agawiwe mara mbili, asubuhi na jioni, na asikimbie akiwa ameshiba. Mbwa wenye kifua kirefu hivi tumbo lao huweza kujipinda. Ukiona limevimba kama ngoma na anajaribu kutapika hakitoki kitu, huo si wakati wa kungoja kesho, ni saa chache tu. Dagaa, utumbo uliochemshwa na ugali vinafaa. Mabaki ya pilau usimpe, vitunguu vinaharibu damu yake, wala mifupa ya kuku iliyopikwa.

Ukuta ukiisha nipigie. Usitoe hata shilingi ya utangulizi kabla sijafika, nitapanda basi la asubuhi nije niwapapase watoto hao mwenyewe.

Wabusu wajukuu. Mwambie baba watoto namsalimu na nasubiri jibu la nani atakimbia na mbwa alfajiri.

Ni mimi baba yako.