Wauza vermikulaiti waandike ukubwa wa chembe

Mhariri,

Wanaolima uyoga nyumbani huuliza sana wachanganye vermikulaiti (madini mepesi ya chembechembe yaliyofumuliwa kwa joto) kiasi gani, lakini ukubwa wa chembe hauulizwi. Wauzaji nao wanaipima kwenye mifuko isiyo na maandishi. Majina ya gredi hutofautiana, kwa hiyo heri kuuliza milimita: laini kabisa ni kama 1, ndogo 2, ya kati 4, kubwa 8.

Kwanza, asiyehitaji asinunue. Uyoga mamama huota vizuri kwenye mabua au taka za pamba zilizochemshwa. Vermikulaiti haina chakula cha uyoga. Kazi yake ni kushika maji na kuacha nafasi ya hewa, basi.

Inapofaa kweli ni kwenye mitungi ya unga, yaani mitungi ya kioo ya kuoteshea uyoga kwa mchanganyiko wa unga. Kipimo ni vikombe 2 vya vermikulaiti, kikombe 1 cha maji na kikombe 1 cha unga wa mchele wa kahawia. Lowesha vermikulaiti kwanza, ndipo utie unga, ili kila chembe ivae unga kwa nje. Ukianza na unga utapata mabonge. Hapa gredi ya kati ndiyo yenyewe. Ile laini hugeuza mchanganyiko kuwa uji mzito, na nyuzi nyeupe za uyoga husimama nusu ya mtungi kwa kukosa hewa. Ile kubwa huacha maji yachuruzike hadi chini, na hapo bakteria huchachusha unga.

Jaza bila kushindilia. Acha sentimita 1.5 juu, futa mdomo wa mtungi usibaki hata punje ya unga, kisha jazia nafasi hiyo vermikulaiti kavu. Tabaka hilo huzuia ukungu unaoshuka na vumbi. Likilowa halizuii kitu, kwa hiyo funika kwa karatasi ya foili kabla ya kuchemsha. Wengi husema mvuke wa dakika 90 unatosha. Lakini Nairobi au Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 au 95 hivi, na mbegu za bakteria hustahimili joto hilo. Tumia sufuria ya presha inayofika nyuzi 121, kwa saa nzima.

Matumizi ya pili ni kufunika mboji ya uyoga wa kitufe, ule unaotaka baridi ya nyuzi 16 hadi 18, kama ya Limuru au Lushoto. Changanya vermikulaiti na unga wa makumbi ya nazi nusu kwa nusu, ongeza chokaa ya kilimo hadi pH (kipimo cha uchachu) ifike kama 7.5, halafu tandaza unene wa sentimita 3 hadi 4 baada ya nyuzi nyeupe za uyoga kuenea kwenye mboji. Hapa chukua ya kati au kubwa. Ndogo ikinyunyiziwa maji mara kwa mara hufanya gamba juu, hewa haipiti, na vichwa vya uyoga hutokea chini ya gamba vikaoza. Ukikamua mchanganyiko mkononi yatoke matone mawili matatu, yakitiririka, umezidisha.

Kabla ya kulipa, mimina konzi moja juu ya wavu wa mbu wa dirishani, utikise. Ikipita zaidi ya theluthi, huenda ilipondeka njiani kwa kurundikiwa mizigo, hata kama iliitwa ya kati. Nyunyizia pia maji kidogo: matone yakisimama juu bila kunywewa, huenda ni ya kuzuia joto kwenye majengo iliyopakwa dawa ya kukinza maji. Iache.

Uliza na ilikochimbwa. Mgodi wa Libby, Marekani, uliofungwa 1990, ulitoa vermikulaiti yenye asibesto (madini ya nyuzinyuzi yanayoleta saratani ya mapafu), na mabaki yake yamo katika majengo ya zamani. Hata iliyo safi ina vumbi baya kwa mapafu. Vaa barakoa na uilowanishe ndani ya mfuko kabla ya kumwaga, isipokuwa ile ya tabaka kavu, ambayo imiminwe polepole nje ya nyumba.

Tunaomba wauzaji waandike kwenye kila mfuko milimita, lita na ilikotoka. Kalamu na kipande cha karatasi vinatosha.

Wakulima wa uyoga wa nyumbani,
Morogoro