Shahada hii si ya kuwakimbia wagonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu daktari aliyeandika kwamba shahada ya uzamili ya usimamizi wa huduma za afya ni mlango wa watu waliochoka na wagonjwa, wanaotafuta kiti cha ofisini. Barua yake nimeisoma mara mbili na imeniuma. Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 11, na darasani nilipelekwa na mgonjwa.

Usiku mmoja mama alijifungua salama, kisha damu ikaanza kutoka na isikatike. Tukamchoma oksitosini, dawa ambayo kila mkunga anaitegemea saa kama hiyo. Mfuko wa uzazi haukujikaza. Tukamchoma tena. Mama yule alipona kwa mikono ya wakunga waliosugua tumbo bila kupumzika, kwa dripu, kwa damu aliyoongezewa na kwa daktari aliyekuja mbio. Kulipokucha nilikwenda stoo kulitazama boksi dawa ilikotoka. Lilikuwa juu ya rafu, karibu na dirisha, jua linalipiga. Oksitosini hutakiwa kukaa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikikaa kwenye joto hupungua nguvu kidogo kidogo, na ukiishika kichupa mkononi huoni tofauti yoyote. Jokofu tulikuwa nalo, tena linafanya kazi. Nililifungua. Rafu ya chini ilikuwa tupu, na boksi lile lingeingia pale hata mara tatu.

Nilimwuliza mtunza stoo. Akaniambia, "Sista, mimi nilipokea, nikasaini, nikaweka. Hakuna aliyeniambia kuna dawa ya baridi." Alikuwa anasema kweli. Nilitoka pale na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kumshukia.

Miaka miwili baadaye, kwenye somo la ubora wa huduma, tulifundishwa kazi ya Avedis Donabedian, daktari ambaye mwaka 1966 aliandika kwamba ubora wa huduma hupimwa kwa kutazama muundo, mchakato na matokeo. Kalamu yangu ilisimama. Muundo tulikuwa nao: stoo, umeme, jokofu. Matokeo niliyaona mwenyewe sakafuni. Palipokuwa patupu ni katikati: nani anapokea dawa ya baridi, anaipeleka wapi kabla ya kusaini, nani anasoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika. Uuguzi ulinifundisha kuichoma dawa ile. Njia yake, kutoka gari lililoileta mpaka kwenye bomba langu la sindano, niliipata kwenye shahada ambayo daktari anaiita ya ofisini. Wala si fani ya juzi: Chuo Kikuu cha Chicago kilianza kufundisha usimamizi wa hospitali ngazi ya uzamili mwaka 1934.

Sisemi kila somo lilikuwa na uzito huo. Somo la mikakati tulijaza kurasa nyingi bila kugusa hospitali yoyote, na mengi yake yameshanitoka. Uhasibu, ambao niliuogopa kuliko yote, ndio unaonifaa kila siku. Zamani nikiambiwa hospitali imeingiza fedha nyingi mwezi huu, nilikuwa naamini fedha zipo. Leo najua kuuliza ni kiasi gani kimeandikwa na kiasi gani kimefika benki, na ni madai mangapi ya bima yamerudishwa kwa sababu msimbo wa ugonjwa, yaani alama inayoutambulisha kwenye fomu, haulingani na matibabu. Dai lililorudishwa ni glavu ambazo wodi itazikosa. Takwimu na epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea), sheria, maadili na usimamizi wa watumishi nazo tulizisoma, kila moja kwa kiasi chake.

Lakini kilichonifanya meneja ni mafunzo kwa vitendo. Nilipangiwa idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali moja ambako uongozi ulikuwa umeshaandaa ombi la kuongeza mabenchi na kupanua sehemu ya kusubiria. Msimamizi wangu alinipa saa ya mkononi na daftari, akaniambia nikae na wagonjwa wiki mbili nisiseme neno. Nikakaa. Niliandika saa ya kila mgonjwa kuingia, kupimwa uzito, kumwona daktari, kutolewa damu, kurudi kwa daktari na kuondoka. Mtu alikuwa anakaa pale kwa muda wa saa 4, na kati ya huo aliokuwa na daktari ni dakika 9 tu.

Darasani tulikuwa tumesoma kanuni ya foleni ambayo mtafiti John Little aliithibitisha mwaka 1961: wastani wa watu waliomo ndani ni idadi ya wanaoingia kwa saa, mara muda ambao kila mmoja anakaa. Pale walikuwa wanaingia watu 20 kwa saa. Mara saa 4, ni watu 80. Mabenchi yalitosha 45. Mwenye kutazama kwa macho angesema tununue mabenchi. Daftari lilinipeleka maabara. Kipimo cha damu kilichokuwa tayari saa 3 asubuhi kilikuwa kinalala kwenye trei mpaka saa 6, kwa sababu mhudumu alikuwa na safari mbili tu za kupeleka majibu, saa 6 mchana na saa 9 alasiri. Ratiba hiyo iliwekwa zamani, wakati wagonjwa ni wachache, na hakuna aliyerudi kuitazama. Tuliomba majibu yapelekwe kila nusu saa. Katika wiki ya tatu ya utaratibu mpya nilipima tena: mgonjwa anakaa kwa muda wa saa 2 na nusu, na waliomo ndani ni 50. Ombi la kupanua jengo liliwekwa kando. Bibi mmoja aliyezoea kuondoka jioni alinishika mkono akaniuliza kama kweli ameshamaliza au kuna chumba kingine.

Daktari ana haki kwenye jambo moja. Wapo wahitimu wa shahada hii ambao hawajawahi kusimama wodini hata usiku mmoja, na wapo waliopelekwa mafunzo kwa vitendo wakaishia kupiga fotokopi na kuandika mihtasari ya vikao. Hao wamedhulumiwa na vyuo vyao, na nachukia kuona wakikabidhiwa hospitali. Anayetaka kujiunga aulize kwanza atapelekwa wapi, kwa miezi mingapi, na nani atamfundisha huko. Chuo kikijikanyaga kwenye swali hilo, atafute kingine.

Wenzangu wa darasani hawakukimbilia viti vya ukurugenzi. Mfamasia mmoja anasimamia ugavi wa chanjo, mwingine anachambua madai kwenye bima, na mtaalamu wa fiziotherapia tuliyekuwa tunakaa naye anaendesha kituo cha wazee.

Mimi nipo hospitali bado. Kila Jumatatu, kabla ya kikao cha kwanza, napita stoo ya dawa, nafungua jokofu na kusoma karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni. Jumatatu hii nafasi ya Jumamosi jioni ilikuwa haina saini. Aliyekuwa zamu nimeshamwita, tunakaa naye leo saa 8.

Muuguzi na meneja wa idara ya wagonjwa wa nje