Namba tisa asiyefunga tumpime vizuri

Ndugu Mhariri,

Kuanzia Ujiji hadi Mwanga hapa Kigoma, namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, akimaliza mechi tatu bila bao tunadai aachwe. Kwanza tumtazame mpira ukiwa kwa beki wa kati wa wapinzani. Anayejua kazi hamkimbilii moja kwa moja. Anazunguka kama upinde, mwili wake ukiziba njia ya pasi kwa beki wa pili, mpaka mpira ulazimike kwenda pembeni. Hapo winga na kiungo wawe wameshasogea. Wakibaki mita 20 nyuma, pasi moja inapita katikati na mbio zake zote zimepotea bure. Lawama anabebeshwa yeye, na hilo linaniuma.

Pale Uwanja wa Lake Tanganyika tuhesabu kwa kalamu: mpira umemfikia mara ngapi ndani ya kumi na nane, lile eneo la penalti mbele ya goli? Ukimfikia mara mbili tu kwa dakika 90, tuwaulize mawinga wanaopiga krosi kutoka mbali, mpira ukaelea hadi mikononi mwa kipa. Ukimfikia mara sita naye akaipaisha yote kwa sababu anaegemea nyuma anapopiga, basi benchi ni haki yake.

Shabiki wa soka,
Ujiji, Kigoma