Kilima cha Kitunda si kijani

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mchora mabango hapa Lindi. Mwaka jana nilikaa kivukoni nikachora ghuba yetu, na vilima vya Kitunda, ng'ambo ya ghuba, nikavipaka kijani kilekile cha mnazi uliokuwa karibu yangu. Mke wangu akacheka: "Baba Zuhura, mbona kilima kimeelea kama jamvi lililoanikwa?"

Kweli. Kati ya jicho na kilima kuna hewa yenye mvuke na vumbi, inatawanya mwanga, hivyo vya mbali hufifia na kuelekea buluu. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia, aliliandika hilo miaka 500 iliyopita.

Sasa naanza na anga, kisha kilima: buluu, nyeupe nyingi, na nyekundu kidogo sana (ukiisahau, kinatoka kama ukuta wa zahanati). Kingo nazifuta kwa kitambaa kikavu hadi zilainike. Rangi nzito naiwekea akiba mtumbwi wa mbele.

Ukurasa wenu wa watoto Jumapili iliyopita uliwaagiza wapake milima kijani. Waambieni kwanza watoke nje alfajiri, waitazame.

Baba Zuhura,
Lindi