Barua ya wazi kwa wastaafu wenzangu: tupange mwaka kwa nguvu tulizo nazo

Wazee wenzangu wa Walukuba na Masese, akina mama na akina baba, na ninyi nyote mliostaafu mkabaki hapa Jinja, Uganda,

Nawasalimu kwa heshima. Sipendi kumkosoa mtu mzima mbele za watu, ndiyo maana siku ile nilinyamaza. Lakini jambo hili nimelala nalo na kuamka nalo, na sasa naona nikiendelea kukaa kimya nitakuwa nimewatupa.

Tulikutana kwenye kikundi chetu cha akiba na, kama ilivyo ada ya Januari, kila mmoja akasimama kutaja malengo yake ya mwaka. Mmoja akasema kabla ya Pasaka atakuwa ameezeka vyumba kumi vya kupangisha. Mwingine atafuga kuku elfu moja. Mama mmoja, ambaye goti lake tunalijua sote, atalima ekari tano za mahindi kule Kamuli. Kila aliyekaa alipigiwa makofi. Hakuna aliyeulizwa pesa zitatoka wapi, nani atachota maji, wala ya mwaka jana yaliishia wapi.

Ya mwaka jana tunayajua. Tofali za mmoja wetu zimeota majani. Pampu ya maji ya mwingine imeuzwa kwa bei ya kutupa. Na baba mmoja aliyejaribu kufuga kuku, aliyekuwa karani tangu ujana wake, leo anakopa hata sente za dawa ya presha. Habari zake nitazieleza kwa urefu, kwa ruhusa yake na bila kumtaja jina, kwa sababu naona wengine mmeshika njia ileile.

Alipolipwa kiinua mgongo alikuwa amesikia kanisani ushuhuda wa mtu aliyetajirika kwa mayai. Hakuuliza zaidi. Akajenga banda, akaleta vifaranga 500 wa kuku wa mayai, akatutangazia kwamba Desemba atanunua gari. Mimi nimekulia kwenye nyumba yenye kuku, nikamwekea hesabu mezani kwake, na leo nairudia hapa. Kuku wa mayai haanzi kutaga kabla ya miezi minne na nusu hivi. Mpaka afike hapo amekula kilo sita au saba za chakula. Kuku 500 basi wanakula zaidi ya tani tatu, na bado hujaokota yai hata moja. Wakianza kutaga, kila mmoja anataka karibu gramu 120 kwa siku, yaani kilo 60 kila kukicha, Krismasi na Idi zikiwemo. Hapo sijataja chanjo ya mdondo, ambayo hurudiwa, wala maranda, taa na kijana wa kulala bandani.

Pesa zake zilikuwa zimeishia kwenye mabati na waya wa banda. Mwezi wa nne chakula kikakatika. Kuku wakaanza kudonoana. Akawauza kwa mafungu kwa wachuuzi waliokwisha kujua kwamba hana pa kukimbilia, tena wiki chache tu kabla hawajaanza kutaga.

Kisha likaja lililonitoa machozi. Ili awaokoe waliobaki alikwenda kwa mkopeshaji akaweka rehani karatasi za kibanja, kile kipande cha ardhi wanachoishi, na mkewe hakuambiwa. Mama huyo alijua siku wageni walipokuja kupima uwanja wake kwa hatua. Wazee wenzangu, nchi hii ina sheria ya wakopeshaji tangu 2016, na mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Wangapi kati yetu huomba kuiona kabla ya kutia sahihi? Sheria ya Ardhi nayo inasema ardhi ambayo familia inaishi juu yake haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mzee akimficha mkewe jambo kama hilo, anamvunjia mtu nyumba aliyoijenga naye tangu wakiwa vijana. Hili nalisema kwa ukali na sitalirudisha.

Angeanza na kuku 30. Hao wanakula kilo tatu na nusu hivi kwa siku, mtu wa miaka 65 anawahudumia mwenyewe kabla ya chai, na wakipata ugonjwa hasara yake hailizi nyumba nzima. Mwaka ukiisha angekuwa amejua kuku, na mwaka wa pili angeamua kwa akili kama aongeze. Lakini nani angempigia makofi akisimama kutaja kuku 30?

Mimi nimekuwa mkunga. Mkunga hamkadirii mama siku ya kujifungua kwa kumtazama jirani yake. Humpima yeye mwenyewe, tumbo lake na damu yake. Nawasihi mfanye vivyo hivyo na mwaka. Kabla ya kutaja lengo, pima mwili wako wa sasa, ule wa miaka 40 uuache. Pima pesa zilizo mkononi, maana zile ambazo mtoto ameahidi kutuma kutoka Uarabuni hazijafika. Andika bei ya jambo lenyewe, andika nani atalifanya siku utakayoamka na homa, andika mwezi utakaokaa chini na kutazama limefika wapi. Likikosa moja ya hayo, lirudishe kwenye maombi na usilitolee pesa.

Halafu kuna suala la miaka. Mikalitusi ya nguzo inataka miaka minane hadi kumi. Kahawa huanza kuleta kitu mwaka wa tatu hivi. Vanila ni vilevile, na kila ua lake huchavushwa kwa mkono. Simkatazi mtu wa miaka 72 kupanda miti. Apande, na amwonyeshe mjukuu atakayevuna mpaka wa shamba uko wapi. Ninachokataa ni kutegemeza ada ya shule ya Februari juu ya mti utakaozaa baada ya miaka mitatu.

Lakini lawama si zetu peke yetu, na hapa naomba watoto wetu nao wasome. Nani aliyewafundisha wazee wa nchi hii kwamba mwenye heshima ni mwenye ghorofa? Mnapiga simu mwisho wa mwaka, na kabla hamjauliza jajja, yaani bibi au babu, analalaje mnauliza nyumba imefika lenta au bado. Mnatuletea wajukuu likizo, likizo inakwisha, hamrudi kuwachukua. Kizazi chetu kimeshalea yatima wengi wa ukimwi, tulifanya hivyo bila kunung'unika kwa sababu wazazi wao walikuwa kaburini. Ninyi mko hai. Mzee anayejua kwamba muhula wa kwanza unafunguliwa na watoto watatu wako mlangoni kwake hawezi kupanga mwaka wake. Anaruka tu, na anarukia kuku 500. Na wahubiri wanaomwambia mstaafu apande mbegu ya pensheni yake madhabahuni ili Mungu amzidishie, nao watajibu.

Serikali nayo nisiipite. Katiba yetu inataka dola iweke utaratibu unaofaa wa kuwatunza wazee. Ruzuku ya wazee ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na ilipoenezwa nchi nzima umri uliowekwa ni miaka 80. Mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Kati ya 60 na 80 kuna miaka 20, na ambaye kazi yake haikuwa na pensheni anaivuka kwa nguvu za mikono ambayo tayari inatetemeka. Sasa tuna wabunge watano wanaowakilisha wazee tangu uchaguzi wa 2021. Wakija kuomba kura tuwaulize kuhusu pengo hilo kabla hatujapokea sabuni.

Mengine nayataja kwa ufupi, kwa kuwa mnayajua na mnayaahirisha tu.

Pimeni presha na sukari kila mwezi, na namba ziandikwe kwenye daftari. Tembeeni: Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na waliovuka 65 waongeze mazoezi ya kusimama imara angalau siku tatu ili wasianguke. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Malizeni deni moja kabla ya kufungua jingine. Hakikisheni jina lililo kwenye kitambulisho cha taifa ni lilelile lililo kwenye faili la pensheni au la NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, herufi kwa herufi, maana herufi moja imewasumbua watu miezi mingi. Tofali zilizoota majani zimalizwe au ziuzwe, zisigeuke kuwa lengo la mwaka mwingine tena.

Na wosia. Ni karatasi, kalamu na mashahidi wawili wanaokuona ukitia sahihi. Wasiwe miongoni mwa warithi. Waislamu kati yetu wamwendee shehe awaelekeze kuhusu theluthi ya mali inayoweza kutolewa kwa wosia. Hakuna lengo la mwaka lililo rahisi kuliko hili, wala ambalo tunalikimbia zaidi. Nimehudhuria misiba ambayo watoto wa tumbo moja walishikana mashati kabla udongo haujakauka, kwa sababu baba aliona kuandika wosia ni kujiitia kifo.

Nimebakiza ninyi mliosimama mkasema hamna lengo, kwamba mmekwisha, mnasubiri tu. Mliniumiza kuliko wenye kuku elfu. Baba mmoja, mtu wa reli wa zamani, alisema hivyo kisha akakaa, na hakuna aliyemjibu. Baba yangu, nakujibu leo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tembea shule za hapa uone walimu walivyo wachache. Kisha tazama hizi nyumba zetu za wafanyakazi, ambamo Msoga, Mjaluo, Mteso na Mnubi walielewana kwa Kiswahili hichohicho bila kufundishwa na mtu. Wewe unakijua tangu stesheni. Wajukuu wetu wanakijua cha kuagizia chipsi tu.

Siku mbili kwa wiki, kwa muda wa saa moja hivi jioni masomo yakiisha, watoto wa mtaa waje barazani kwako. Wasimulie treni ilivyokuwa ikitoka Mombasa hadi hapa, wakuulize maswali, uwasahihishe. Haihitaji mkopo, goti halichoki, na ifikapo Juni tutawasikia wenyewe wamefika wapi. Mimi nitaleta mkeka na wajukuu wangu wanne. Ukikubali, tuma mtu yeyote aje kuniambia, tuanze Jumanne.

Mwenzenu,
Mkunga mstaafu, Walukuba, Jinja