Namba ya kitabu haijiandiki yenyewe

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika hivi karibuni kwamba kazi ya mkutubi ni kubandika namba, maoni yake ayaache nyumbani. Kwenye maoni tuko pamoja. Kwenye kubandika, hapana.

Hapa Iringa, katika maktaba ya chuo kimoja, kuna kitabu cha miti ya dawa ya Nyanda za Juu Kusini. Kimejaa picha za majani na magome, vipimo vya kuchemshia, na maonyo ya dawa ambazo mjamzito asiguse. Mgongoni kina lebo ya 133.4. Katika mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, hapo ndipo mahali pa mapepo na uchawi. Wanafunzi wa uuguzi wanakitafuta kwenye rafu ya 615, ya dawa na tiba, na kutoka mikono mitupu. Nilipouliza, nikajibiwa ndivyo mfumo unavyoelekeza.

Haujaelekeza hivyo. Tiba asili ina namba yake, 615.88. Kanuni inasema kitabu chenye mada mbili kiende kwenye ile iliyopewa uzito zaidi. Sasa uzito huo nani anaupima, kama si mtu mwenye kitabu mkononi? Ramli na matambiko vimepewa sura moja tu, ya mwisho. Na mada zikilingana, kanuni inataka ishikwe namba inayotangulia. Kwa kuwa 133 inatangulia 615, dawa zingeishia kwa wachawi kwa hesabu safi kabisa, bila mtu yeyote kuwa na chuki nazo!

Kwa nchi yetu hilo si dogo. Tiba asili inatambuliwa kwa sheria ya mwaka 2002, na ina baraza lake linalosajili waganga. Uchawi nao una sheria yake, ya mkoloni, ya mwaka 1928, na ni kosa la jinai. Rafu moja ina leseni, nyingine ina kifungo.

Mfumo wenyewe nao si malaika. Melvil Dewey aliutoa Marekani mwaka 1876, na hadi leo, kwa mpangilio wake wa kawaida, mafungu saba kati ya kumi ya dini, yaani 220 hadi 280, ni ya Biblia na Ukristo. Uislamu umebanwa kwenye 297. Dini za jadi za Waafrika ziko 299.6, karibu na mwisho wa foleni. Nami ni Mlutheri nasema hayo.

Ninachomwomba mkutubi ni afungue kitabu, asiishie kwenye jalada. Rafuni kitakaa mahali pamoja tu, lakini katalogi ya kompyuta inapokea mada nyingi. Basi hiki kihamie 615.88, na kwenye katalogi kipatikane kwa tiba asili, kwa mimea ya dawa, kwa Wahehe na Wabena, na hata kwa ramli kwa ajili ya ile sura ya mwisho. Tena liwekwe daftari mezani, msomaji aandike kitabu gani anaona hakipo mahali pake na kwa nini. Mkutubi ajibu kwa maandishi, hata kama jibu lake ni hapana.

Mwalimu mstaafu,
Kihesa, Iringa