Wales wanacheza, ila si kwa sababu wameshiba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya, na mengi yaliyonikera nimeyaacha yapite. Ila ile makala yenu ya Wales, yenye picha ya foleni ya watu wanaosubiri kupiga picha kileleni Yr Wyddfa, mlima mrefu kuliko yote ya Wales, imenishinda. Mwandishi wenu alihitimisha kwamba hao ni watu walioshiba, maisha hayawapi tabu, ndiyo maana wanakwenda kuitafuta tabu milimani na baharini. Na sisi Waafrika mambo hayo hayatuhusu, kwa kuwa tabu tunayo tayari nyumbani.

Labda mnadhani makala ikishachapwa imekwisha. Sisi Waafrika Mashariki wa huku kaskazini mwa Wales tuna kikundi chetu, tunakutana, tunasali, tunakunywa chai na maandazi. Kwenye mkutano uliofuata, baba mmoja tunayemheshimu alitoa simu akaisoma makala yenu kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, na watu wakatikisa vichwa kuafiki. Kabla vikombe havijaoshwa, baadhi ya wazazi walikuwa wameshakata shauri kwamba watoto wao hawaendi Glan-llyn. Hiyo ni kambi iliyo kando ya ziwa, Llyn Tegid, karibu na mji wa Bala. Shule za huku huwapeleka watoto wakalale siku chache, wapige makasia, wapande kuta, watembee msituni. Binti wa rafiki yangu alikuwa ameshanunuliwa jaketi la mvua, jekundu, bado lina karatasi ya bei kwapani. Jumatatu yake mama mtu akalirudisha dukani. Nilikuwepo, nilimsindikiza mwenzangu kwa kuwa lugha bado inampiga chenga. Mtoto aligoma kuingia, akabaki mlangoni akilitazama lile jaketi mpaka muuzaji akalitundika mahali pake pamoja na mengine. Mhariri, mimi nimelea watoto, najua mtoto anayedeka na mtoto aliyeumia. Yule aliumia. Na kilichomuumiza ni sentensi ya mtu aliyeko mbali, ambaye sidhani kama amewahi kumuuliza mzazi hata mmoja wa huku mtoto wake anakwenda kufanya nini kule ziwani!

Mwanangu alikwenda. Tulipohamia huku alikuwa hasemi na mtu, walimu wakanambia wanadhani hasikii vizuri. Alirudi kutoka Glan-llyn viatu vimejaa maji ya ziwa, akaketi jikoni akisimulia mpaka ugali ukapoa: mtumbwi ulivyopinduka, maji yalivyomkata pumzi kwa baridi, alivyomshika mwenzake kwenye jaketi la kujiokolea wakasubiri kuvutwa. Nusu ya maneno yalikuwa ya Kiwelisi, sikuyaelewa, wala sikumkatisha. Tangu siku ile ana marafiki wanaokuja kumgongea mlango.

Sasa nani aliyeianzisha kambi hiyo? Matajiri? Ni ya Urdd Gobaith Cymru, chama cha vijana alichokianzisha Ifan ab Owen Edwards mwaka 1922 kwa hofu kwamba watoto wa Wales wataipoteza lugha yao. Aliona mtoto hatashika lugha kwa kukaririshwa darasani tu, lazima acheze ndani yake, aimbe na kuogelea nayo. Kambi ya Llangrannog ikaanza 1932, ya Glan-llyn 1950. Nchi nzima ina watu kama milioni 3, na Kiingereza, lugha ya jirani yao, kimewazunguka kila upande. Kwao mtoto kuingia ziwani ni sehemu ya kujijua yeye ni nani.

Na kuhusu kushiba. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, hapa Bangor na vijiji vya jirani. Mmoja wao, sasa hatoki kitandani, baba yake alikuwa mchimbaji wa mawe ya kuezekea nyumba huko Dinorwig, ng'ambo ya ziwa pale Llanberis. Machimbo hayo yalipopamba moto yalikuwa na wafanyakazi zaidi ya 3,000. Mwanamume alining'inia kwenye ukuta wa mwamba, kamba ameizungusha pajani, mikono yote miwili iko kazini inatoboa tundu la kutia baruti. Mwaka 1969 machimbo yakafungwa, watu wakabaki na vumbi kifuani. Miaka ya 1980 vijana, wengi wao hawana ajira, wakaanza kuzipanda kuta zilezile kwa kamba, wakatafuta njia pale ambapo wazee wao walikuwa wakitafuta mkate. Mwandishi wenu anionyeshe hapo aliyeshiba ni yupi.

Au amtafute Richard Parks. Amezaliwa Pontypridd, mama yake ana asili ya Jamaika, amechezea raga timu ya taifa ya Wales. Mwaka 2009 bega likamwangusha, akalazimika kuacha mchezo ambao ndio uliokuwa maisha yake. Akazama kwenye huzuni nzito, na amelisema jambo hilo hadharani bila kuona haya. Kilichomnyanyua ni safari aliyojipangia mwenyewe: kilele kirefu kuliko vyote cha kila bara, pamoja na ncha ya kusini na ncha ya kaskazini ya dunia, yote ndani ya miezi saba. Alianza Desemba 2010 akamaliza Julai 2011, na Kilimanjaro yetu imo humo. Mtu huyo hakwenda kutafuta tabu kwa kuwa hana. Alikuwa nayo tele, akaipeleka mahali ambapo angeweza kuikabili kwa miguu yake.

Hata ile foleni mliyoipiga picha, nusu ya habari mmeiacha. Yr Wyddfa ina mita 1,085, na kileleni utakuta wageni wa kutoka kila upande, wengine wamepanda kwa treni inayofika huko tangu 1896. Ila usiku mtu akivunjika mguu kule juu, wanaotoka kumtafuta ni kikosi cha uokoaji cha Llanberis, watu wa kujitolea, wenye kazi zao za kwenda asubuhi. Hao hawakuwemo kwenye makala. Wala hamkukumbuka mashindano ya dunia ya nusu marathoni, Cardiff, Machi 2016, pale Geoffrey Kamworor wa Kenya alipoanguka mwanzoni, akainuka, akashinda. Siku ileile, kwenye mvua ileile, maelfu ya wananchi wa kawaida walikimbia nyuma yao barabara zilezile.

Linaloniuma zaidi ni la kwetu, na hapa sitanyamaza. Nimezaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Nimesoma shule ambayo kila siku tuliona wageni wakipita na fimbo zao kwenda mlimani, na hakuna mwalimu aliyetupeleka hata mpaka Mandara, kituo cha kwanza cha njiani. Mlima tuliambiwa ni wa wageni. Kaka zangu wameujua kwa mgongo tu. Ni wagumu, ndivyo wanavyoitwa wapagazi wa mlima, wamewabebea watu mizigo hadi Kibo, wakashuka bila mtu kuwauliza wameona nini. Uwanja wa shule tuliochezea rede nimeukuta umeliwa na fremu za maduka, na kipindi cha michezo kimegeuzwa tuisheni ya hisabati. Mtoto anatoka nyumbani gizani, anarudi gizani, mgongo umepinda kwa begi. Halafu akifika miaka ishirini hajui anaogopa nini wala anaweza nini, na sisi wazazi tunashangaa! Mwandishi wenu, badala ya kuuliza uwanja umekwenda wapi, anatwambia michezo ni ya walioshiba.

Pendekezo langu ni hili. Shule za msingi zilizo jirani na lango la Marangu zipeleke darasa la sita Mandara, mita 2,700, kila mwaka mwezi wa Februari kabla ya masika, waende na kurudi siku hiyohiyo. Wakiwa na nguvu wasogee hadi kasoko ya Maundi, waione Kenya kwa chini. Waongozwe na wagumu, walipwe posho yao ya siku, na njiani wawasimulie watoto wanayoyajua kuhusu mlima huo. Kila mtoto awe na sweta na koti la mvua. Gazeti lenu limtume mwandishi yuleyule apande nao, awaulize watoto wenyewe wameona nini, ayaandike majibu yao kama walivyoyasema. Mamlaka ya hifadhi ikikubali kuwasamehe kiingilio siku hiyo, uji wa darasa la kwanza litakalopanda nitaugharamia mimi.

Mama Elia,
Bangor, Wales